Udongo wa Chini ya Kiroba

Mavuno ya kanisani kwetu Mbagala huvunwa sokoni Mabibo. Sisemi kwa kejeli, ndivyo ilivyo, na kila mtu anajua. Ikitangazwa kwamba Jumapili ijayo ni Sikukuu ya Mavuno, kina mama wa usharika wanaanza kupigiana simu kuulizana nani anakwenda na nani na kuku mwaka huu wanapatikana wapi. Jumapili ikifika, mbele ya madhabahu panajaa mikungu ya ndizi, mahindi, maboga, trei za mayai na kuku waliofungwa miguu, na mchungaji anaiombea kazi ya mikono yetu. Mikono yetu mingi inashika usukani, mkasi, chaki na kompyuta za watu. Ibada ikiisha vyote vinatolewa uani vinapigwa mnada, na mama aliyenunua boga Mabibo jana leo anapandishia bei boga la mwenzake, ambalo nalo lilitoka kwenye fungu lilelile.

Nimezaliwa ndani ya utaratibu huo na sikuwahi kuuona wa ajabu, mpaka mwaka huu nilipoambiwa niuandikie shairi.

Niseme kwanza mie ni mtu wa namna gani. Niko kidato cha tatu na nina haya. Darasani nikiulizwa swali najibu kola ya shati langu, na mwalimu anamwomba aliyekaa karibu yangu atafsiri. Lakini kwenye karatasi sina haya hata kidogo. Naandika kila siku nikitoka shule, kabla sijavua sare, na ninachoandika najua kama ni kizuri au kibovu bila kuambiwa. Sijisifu. Kuna watu wanajua chumvi imetosha kwa kunusa tu mvuke wa sufuria, na mie kwenye mistari niko hivyo.

Kiongozi wetu wa vijana, tunayemwita braza, alinigundua wakati wa Pasaka. Nilikuwa nimebandika shairi kwenye ubao wa matangazo bila jina, likimhusu jogoo wa jirani anayewika saa mbovu siku zote, na Petro wa kwenye Biblia akimsikia. Watu wakaulizana ni la nani. Braza akalitazama mara moja tu, maana ni mwandiko wangu huohuo unaoandika zamu za usafi wa kanisa. Hakunitangaza. Alinisubiri nikifagia, akasema mwaka huu shairi la mavuno nitaandika mie na nitalisoma mie.

Nikamwambia nitaandika, msomaji atafute mwingine.

“Sista,” akasema, “hilo la jogoo ningelisoma mie lingekufa.”

Hakuna aliyewahi kuniambia kitu kama hicho. Nikakubali kabla sijafikiri.

Shairi la kwanza niliandika kama yanavyoandikwa. Shuleni tumefundishwa vina na mizani, na navijua, vidole vyangu vinahesabu vyenyewe. Nikatunga hivi:

*Ngano yajaa bondeni, yainama kwa heshima,*
*Kondoo wako kondeni, wala majani mazima,*
*Theluji i mlimani, yang'aa kama alama,*
*Bwana wetu wa mbinguni, twakushukuru daima.*

Zikafuata beti nyingine za namna hiyo. Nikampelekea mama jikoni. Mama ni karani kwenye ofisi moja Mikocheni, lakini amezaliwa na kukulia Makete, kule juu kwenye baridi, kwenye viazi na ngano. Baba anaendesha lori la mizigo, nyumbani tunamwona kwa vipande, kwa hiyo mtu wa kusomewa ni mama. Alizisikiliza zote huku akigeuza chapati. Akauliza ngano nimeiona wapi.

Nikasema kwenye picha.

“Ngano haiinami kwa heshima,” akasema. “Inainama kwa mvua, na ikiinama hivyo watu wanalia maana imeshaharibika.” Akageuza chapati. “Na theluji hatuna. Kuna umande unaganda asubuhi, unaunguza majani ya viazi. Hakuna anayeushukuru.”

Hakuwa ananicheka. Alikuwa anaona tu nyumbani kwao kumeandikwa vibaya. Mie Makete nimefika mara moja nikiwa mdogo, na ninachokumbuka ni moshi wa jikoni na bibi akinivalisha soksi mikononi. Nikaenda uani nikakaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, nikajiuliza swali moja la kweli: kama sina ngano, sina kondoo, sina mlima, nina nini?

Nikatazama. Nilikuwa na ukuta wa choo.

Mtu ambaye hajakaa Mbagala wakati wa masika hawezi kujua habari za konokono. Mvua ikishanyesha siku kadhaa wanatoka sijui wapi, wakubwa kama ngumi ya mtoto, na wanapanda kuta. Choo chetu kiko uani, kina ukuta wa tofali usiopigwa lipu, na asubuhi ukienda unakuta konokono amefika nusu ya ukuta, nyuma yake kuna mstari unang'aa. Mama huwamwagia chumvi. Mwaka huu kulikuwa na mmoja nilimficha mama habari zake. Alikuwa anapanda asubuhi moja kabla ya jua, kwa utulivu ambao sijawahi kuuona kwa mtu yeyote wa mtaa wetu, na nilisimama na kopo langu la maji mkononi mpaka nikasahau nilichofuata. Niliwaza: huyu hakuna anayemwona, na anafanya kazi yake vizuri hivi. Nilisali pale, bila kufumba macho. Ndiyo sala ninayoikumbuka kuliko zote nilizosali nikiwa nimepiga magoti.

Basi nikaandika upya. Vina niliviacha kwa makusudi, kwa sababu konokono hatembei kwa mizani, na kwa sababu nilitaka kila mstari ufike pale unapofika wenyewe. Lilianza hivi:

*Bwana, sisi hatukulima.*
*Mvua ya masika tuliikimbia,*
*jua la kiangazi tulilisema vibaya.*
*Tulichokuletea tumekinunua,*
*viazi bado vina udongo*
*wa mtu tusiyemjua.*

*Lakini na huku kwetu unapita.*
*Nimekuona asubuhi*
*ukipanda ukuta wa choo*
*mgongoni mwa konokono,*
*huna haraka, huna makelele,*
*umeacha njia inang'aa*
*mpaka jua likaja kuisoma.*

Nilipomaliza nilijua. Shairi la ngano lilikuwa zuri kama kitambaa cha meza cha wageni. Hili lilikuwa langu.

Braza alilisoma amesimama kwenye kibaraza cha kanisa. Alisoma taratibu, akarudi juu, akasoma tena. Akasema lina nguvu, hilo halina ubishi. Halafu akaanza kujikuna shingo. Akasema ishu ni choo. Wazee wa kanisa watakaa mstari wa mbele, na neno choo halijawahi kutajwa pale mbele isipokuwa kwenye michango ya ujenzi. Akauliza kama ukuta hauwezi kuwa wa jiko.

Nikamwambia, nikiitazama kola yangu, kwamba konokono hapandi ukuta wa jiko, kuna joto.

“Wa kanisa, basi.”

Nikasema ukuta wa kanisa umepakwa rangi, mzee wa mazingira hufagia konokono kabla sijaamka, na kama Mungu anaonekana kanisani hiyo si habari mpya kwa mtu.

Nafikiri braza hakuwa amewahi kunisikia nikisema maneno mengi kiasi kile kwa mkupuo. Akakunja karatasi akanirudishia, akasema choo kibaki, lakini wazee wakinuna atasema hakulisoma.

Kwa hiyo kanisa halikuwa tatizo. Tatizo lilikuwa viazi.

Siku ya Alhamisi nilikuwa chumbani nafanya mazoezi ya kusema kwa sauti, maana kwangu sauti ni kitu cha kufanyiwa mazoezi kama kutembea na magongo. Sikujua mama amerudi mapema. Nilipogeuka alikuwa mlangoni, mkoba bado begani. Akaniambia nianze tena. Nikaanza. Nilipofika kwenye viazi uso wake ulibadilika, si kwa hasira, ulijifunga tu kama duka.

Inabidi nieleze. Wengine wanapeleka ndizi mwaka huu, mwakani maboga, kinachopatikana. Mama yangu kila mwaka anapeleka kiroba cha viazi mviringo. Na si viazi vyovyote. Vya Mbagala hapa hataki, anasema vinaoshwa na kusuguliwa mpaka vinafanana na mayai. Anakwenda mpaka Mabibo kutafuta vyenye udongo. Na kwenye mnada, mzee anayenadi akikinyanyua kile kiroba huwa anauliza viazi vya wapi hivi, na mama kila mwaka anajibu, “Vya nyumbani.” Hapo watu wa Makete na Njombe waliojaa pale uani wanaanza kushindana, kila mmoja anataka kula nyumbani. Mama husimama pembeni akitabasamu. Ndiyo siku pekee kwa mwaka ninayomwona amesimama hivyo, mabega nyuma, kama mtu mwenye shamba.

“Hapo kwenye viazi utanitoa,” akasema.

“Sijakutaja mama.”

“Usharika mzima, nani mwingine analeta viazi vina udongo?”

Akavua viatu, akavipanga, akasema kwa sauti ya chini kwamba yeye hajawahi kumdanganya mtu, viazi vile vinatoka kwao kweli, lori linavileta, na neno nyumbani lina upana wake. Na kwamba hakunisomesha ili nije nimwanike mbele ya kanisa. Kisha akaenda kuinjika maharage.

Nitasema ukweli, sikutaka kuutoa ule mstari. Bila viazi shairi lote linakuwa konokono tu, mtu anatabasamu anakwenda zake. Viazi ndivyo vilivyokuwa vinauma. Lakini nilikuwa nimeona uso wa mama, na sikuutaka uso ule Jumapili, siku yake. Nilikuwa na vitu viwili ninavyovipenda na havikai chumba kimoja.

Kesho yake nilikwenda kununua sukari kwa bibi wa duka. Ukoo wao ni Waarabu wa miaka mingi hapa, babu yake aliuza duka hilohilo, na yeye amekaa nyuma ya kaunta ile toka mama hajahamia. Ni Mwislamu wa kuamka na adhana, na ni mtu pekee mtaani ambaye simwonei haya, sijui kwa nini, labda kwa sababu ananitania bila kupumzika. Nikamwamkia shikamoo. Akaitikia marahaba, akauliza sauti yangu leo nimeiacha wapi, au bado nimeiweka benki inazaa riba.

Nikamwambia Jumapili nitasoma shairi kanisani. Akaacha kupima sukari.

“Hebu.”

Hakukuwa na mteja mwingine. Nikamsomea lote, kwenye kaunta, katikati ya sabuni za miche na vibiriti. Kwenye choo alicheka mpaka akashika kilemba cha kanga. Halafu akasema huyo konokono nimempa daraja kubwa, yeye amekuwa akimuua kwa ufagio miaka yote, sasa ufagio utamwia mzito. Nilipomaliza akauliza mama anasemaje.

Nikamweleza habari ya mstari wa viazi.

Bibi akaendelea kupima sukari. Akasema yeye habari za kanisani hazijui na hataingia. Ila mama yangu, siku alipohamia mtaa huu, kitu cha kwanza alichokuja kuomba dukani kwake hakikuwa unga wala mafuta. Aliomba kopo tupu la rangi. “Nikampa,” akasema, “na sikumuuliza la nini. Leo nakuuliza wewe.”

Nilijua kopo lenyewe. Liko kwenye kona ya uani karibu na karo, limepandwa mchaichai, limeshika kutu pembeni. Kila siku nachuma majani pale ya chai. Sikuwahi kujiuliza chochote kuhusu kopo lile, kama mtu asivyojiuliza kuhusu kitasa cha mlango wake.

Jumamosi tulikwenda Mabibo mimi na mama. Hatukuwa tumegombana tena, tulikuwa tunaongea yale ya lazima tu, shika hapa, angalia tope. Kwenye safu ya viazi, muuzaji mmoja kijana alituwekea mbele viazi vilivyooshwa, akavimwagia sifa, akasema mama hivi ndo vya kishua, ukimpelekea mgeni anakuheshimu. Mama akampita. Akaenda mpaka kwenye magunia yaliyokuwa yameshushwa asubuhi ile, akapiga goti pale chini na gauni lake la Jumamosi, akachukua kiazi kimoja chenye udongo mweusi umekauka, akakinusa.

Kijana akacheka akauliza wenzake huyu mama ananunua viazi au manukato.

Mama alikuwa amefumba macho. Na mie niliyekuwa nimesimama juu yake nimeshika kiroba kitupu, nikaona kitu nilichopaswa kukiona zamani. Alikuwa anasali. Bila kupiga ishara yoyote, bila amina, goti moja kwenye tope la soko. Nilijua kwa sababu hata mie ndivyo nilivyosimama kwa konokono.

Tuliporudi nyumbani alihamisha viazi kwenye kiroba kipya cheupe ili vipendeze. Vilipoisha, chini ya kile cha sokoni kukabaki udongo, mweusi, mwepesi, kama ujazo wa bakuli. Akakibeba kiroba mpaka kwenye karo, akakipindua juu ya kopo la mchaichai, akakikung'uta pembe kwa pembe. Halafu akaupapasa ule udongo kwa kiganja, akamwagilia maji kidogo kwa kikombe. Alifanya kama mtu anayefanya jambo la kila mwaka, na bila shaka lilikuwa la kila mwaka, mie tu ndiye nilikuwa sitazami.

Nikamuuliza kwa nini.

Alishtuka kidogo, kama nilimkuta anabadili nguo. Akasema udongo wa kwao hautupwi jalalani, basi. Akaongeza kwamba huku ni mchanga mtupu, mchaichai ungekuwa umekufa.

Nikaingia ndani nikaandika sehemu ya mwisho. Haikunichukua muda, ilikuwa imesimama mlangoni inasubiri. Nilipotoka mama alikuwa anafunga kiroba kwa uzi.

Nikamwambia, “Mama, mstari wa viazi umebaki. Ila nimeongeza.”

“Umeongeza nini?”

“Utasikia kesho.”

Alinitazama. Ningekuwa yeye ningesema nisomewe sasa hivi. Nilikuwa tayari kusoma, nadhani hata nilitaka. Lakini akakaza fundo la uzi, akasema, “Haya. Ila watu wakinicheka, mwezi mzima utapika wewe.” Na mie ugali wangu unajulikana.

Jumapili kanisa lilikuwa limejaa mpaka kwenye viti vya plastiki nje. Mbele kulikuwa na harufu ya ndizi mbivu na kuku, kiroba chetu cheupe kimeegemezwa kwenye mkungu wa mtu. Mama alikaa na wenzake wa umoja wa wanawake, kitambaa kikubwa cha kichwa cha aliyekaa mbele yake kikimficha, kwa hiyo toka pale mbele ningeona bega lake la kushoto tu. Braza alinipa maiki, akanong'ona nisiongee na kola.

Nikaanza. Sauti yangu kwenye spika ilikuwa ya mtu mwingine, mkubwa kuliko mie, na hilo lilinisaidia, nikamwachia yeye asome. Niliposema hatukulima, watu wakatulia. Niliposema tumekinunua, kuna aliyekohoa mstari wa mbele. Viazi nilivisema nikitazama mlango wa nyuma. Bega la mama halikusogea.

Kwenye choo walicheka. Kicheko kilianzia kwa vijana kikaenda mpaka kwa wazee, na mchungaji mwenyewe akafunika mdomo kwa kitabu. Hakikuwa kicheko kibaya. Kilikuwa cha watu waliotajiwa kitu cha nyumbani kwao mahali wasipotegemea. Nikasubiri kiishe. Sikujua kwamba naweza kusubiri watu mia nzima wanyamaze, na wakanyamaza. Ndipo nikasoma nilichoongeza:

*Na udongo uliobaki chini ya kiroba*
*kuna mikono iliukung'uta kwenye kopo,*
*ikaumwagilia.*
*Bwana, wewe uliyetufinyanga kwa udongo*
*unajua ulivyo mzito*
*udongo wa kwao kwa aliye mbali.*
*Amepiga goti sokoni kuuchagua*
*na wewe ulikuwepo.*
*Pokea viazi.*
*Mchaichai unaendelea vizuri.*

Hawakupiga makofi. Mama mmoja nyuma akasema “Asante” taratibu, kama mtu aliyepokea chenji, na kinanda kikaanza. Nikarudi kukaa. Bega la mama lilikuwa palepale. Mahubiri yote sikuyasikia. Nilikuwa nalitazama lile bega nikijiambia shairi ni zuri, hilo nina hakika nalo, na hata kama nitapika mwezi mzima litabaki kuwa zuri.

Baada ya ibada tukatoka uani. Mzee wa kanisa anayenadi ana sauti ya kuuza chochote, alishauza jogoo mmoja kwa watu wawili. Zikaenda ndizi, yakaenda maboga, na kuku mmoja alikimbia akarudishwa. Mama alikuwa pembeni, mahali pake pa kila mwaka, lakini sikuthubutu kumkaribia. Kisha mzee akakinyanyua kiroba cheupe mpaka juu ya kichwa.

“Viazi hivi. Mama, viazi vya wapi?”

Nadhani aliuliza kwa mazoea, ndimi zinazoea. Ila aliposhamaliza kuuliza nikaona amekumbuka shairi, akabaki na kiroba hewani. Watu wote wakamgeukia mama. Mie nikaitafuta kola yangu.

“Vya Mabibo,” mama akasema.

Mama akasogea mbele, mabega nyuma, kama mwenye shamba.

“Mimi mwenyewe nimevichagua, kimoja kimoja. Vimetoka Makete juzi, kama mimi nilivyotoka, kwa lori. Viazi chukueni. Ila atakayenunua,” akanyoosha kidole kwenye kiroba, “udongo wa chini aniletee.”

Walicheka wote, na mama akacheka. Babu mmoja wa Njombe akapaza sauti kwamba atavichukua yeye, na udongo hatoi ng'o, naye ana kopo lake. Mama mwingine akasema hata yeye. Basi bei ikaanza kupanda, na sikuwahi kuona viazi vinagombewa hivyo, watu wazima wanaulizana nani ana kopo na nani amepanda nini ndani yake. Kumbe yalikuwa mengi. Mmoja alikuwa na tangawizi ya Upareni, mwingine mgomba wa Bukoba kwenye ndoo, haujawahi kuzaa na mwenyewe hautupi.

Mama alinifuata nilipokuwa nimesimama karibu na bomba. Alinirekebisha kola, akaikunjua vizuri shingoni.

“Lile goti hukuniambia uliliona,” akasema.

“Hukuuliza.”

Akanisukuma kichwa kidogo kwa vidole viwili. Akasema twende, nyumbani hakujapikwa, na kwamba leo atapika yeye. Njiani tukapita dukani kwa bibi, ambaye alikuwa ameketi nje ya kaunta yake akitungoja wazi wazi bila kujificha. Hakuniuliza mie. Alimuuliza mama kama kweli lile kopo la rangi limehubiriwa kanisani.

Mama akasema limehubiriwa.

“Basi mnirudishie,” bibi akasema, “maana niliwaazima tu.”

Mama akamwambia aje alichukue mwenyewe, na aje na kikombe chake, chai itakuwa tayari. Alikuja. Mchaichai nilichuma mie, na kabla ya kuchuma niliangalia ukuta wa choo, kwa mazoea mapya. Ilikuwa kiangazi, hakukuwa na konokono. Mstari wake wa masika ulikuwa bado upo, umefifia, juu kabisa karibu na bati. Alikuwa amefika.